Kula katika nyumba za wageni za kale kisiwani Lamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nyumba nyingi za wageni katika Mji wa Kale wa Lamu na kijiji cha Shela ni majumba ya mawe yaliyokuwa makazi ya familia. Yana vyumba vichache, jiko moja na mpishi mmoja na msaidizi wake. Hata panapoandikwa "hoteli" mlangoni, usitarajie jiko la hoteli kubwa ya Mombasa. Maswali mengi yaliyo hapa chini yanatokana na tofauti hiyo.

Ni lazima niagize chakula mapema?

Ndiyo. Chakula cha jioni kiagize asubuhi, ukiwa bado kwenye kiamshakinywa, na usipitishe saa 4. Cha mchana ni bora ukiseme usiku uliotangulia. Mpishi au kijana wa nyumba huenda sokoni mara moja kwa siku, asubuhi, na hununua kwa hesabu ya watu walioagiza. Akisharudi, jiko lina alichobeba, basi. Ukishuka saa 1 usiku na kuuliza "leo kuna nini?", utapata mayai, chapati, labda tambi, nawe utaona umepunjwa ilhali hakuna aliyekupunja.

Unapoagiza, taja mambo manne: mko watu wangapi, mtakula saa ngapi, nani hali nini, na kama mnataka pilipili ndani ya mchuzi au pembeni. La mwisho husahaulika sana.

Jambo jingine kwa wanaoandika ujumbe kutoka ng'ambo: ukiandika "saa 8" ukiwa na maana ya saa 2 usiku, meza yako itaandaliwa mchana. Andika "saa 2 usiku". Ukipenda saa za kizungu, weka tarakimu zote: 20:00.

Kwa nini kamba mawe na kaa hawana bei kwenye menyu?

Kwa sababu huuzwa kwa kilo na bei hupanda na kushuka. Kamba mawe wengi hutoka upande wa visiwa vya Pate na Kiwayu, hivyo bahari ikichafuka hawaji kabisa. Utaratibu wa haki ni huu: mpishi anakuletea kamba mzima umwone, anapimwa mbele yako, bei inatajwa, ndipo anaingia jikoni. Ukiambiwa bei baada ya kula, una haki ya kuuliza. Kumbuka pia kwamba zaidi ya nusu ya uzito wa kamba mawe ni kichwa na gamba, kwa hiyo kilo moja si karamu ya watu wanne.

Kwa samaki mzima, piga hesabu ya gramu 400 hadi 500 kwa mtu kabla hajaparuliwa.

Samaki gani hupatikana, na wakati gani?

Wakati wa upepo wa kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, bahari imetulia na vyombo vya uvuvi huenda mbali. Ndio wakati wa nguru, jodari na kolekole wakubwa. Upepo wa kusi ukishika, hasa Mei hadi Julai, wavuvi wengi hubaki ndani ya miamba na mikondo ya mikoko. Hapo utakula zaidi tafi, changu na samaki wadogo wa mtego. Tafi wa kuchomwa ni mtamu kuliko watu wanavyomdhania, ila ana miba, na miba ya mapezi yake huchoma vibaya akiwa mbichi. Mwachie mpishi amshughulikie.

Pweza hufuata bamvua. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji hukupwa sana, miamba huachwa wazi, na wachokoaji pweza huingia kwa miguu na vijiti vyao. Siku za maji mafu, yasiyokupwa sana, ukimkuta pweza mezani, huenda ametoka kwenye friza. Hilo si kosa, kwani baridi kali humlainisha. Pweza mbichi hupondwa kwanza, kisha huchemshwa kwa maji yake mwenyewe bila chumvi, dakika 45 hadi saa nzima, ndipo atiwe kwenye mchuzi wa nazi. Akikujia mgumu kama mpira, huenda alitolewa mapema.

Nyama ya kasa usiulize. Ni kinyume cha sheria za Kenya.

Nitajuaje kama samaki ni wa leo?

Mwombe mpishi akuonyeshe kabla hajamkata. Jicho liwe limejaa na jeusi katikati, si lililodidimia na kufunikwa ukungu. Fungua shavu: matamvua yawe mekundu, si ya kahawia. Bonyeza ubavu kwa kidole, na shimo linatakiwa kurudi. Halafu nusa. Samaki mzuri ananuka bahari, hanuki shombo.

Jodari na nguru wanahitaji uangalifu zaidi. Wakikaa juani au bila barafu kwa saa kadhaa, hutengeneza sumu ambayo moto hauiondoi, hata ukiwakaanga hadi wakauke. Dalili huja upesi, mara nyingi ndani ya saa moja: uso kuwaka na kuwa mwekundu, kichwa kugonga, moyo kwenda mbio, ngozi kuwasha, wengine kuharisha. Watu hudhani ni mzio wa samaki na kumkimbia nguru maisha yao yote. Ulimi ukihisi mwasho kama wa pilipili kwenye samaki asiye na pilipili, acha kula na mwambie mpishi asimpe mtu mwingine. Ukipata shida ya kupumua, usingoje: nenda hospitali.

Kwa nini samaki wa kupaka huchukua saa mbili?

Kwa sababu kazi inaanza kwenye nazi. Hiki ndicho chakula kinachoagizwa kuliko vyote na ndicho huharibika kwa haraka ya mgeni, kwa hiyo tukieleze sawasawa.

Kwa watu 3 au 4 anahitajika changu au tewa wa kilo 1 na nusu. Hupasuliwa mgongoni na kufunguliwa kama kitabu, akapakwa chumvi, ndimu, thomu (kitunguu saumu) na tangawizi iliyopondwa, akawekwa kando nusu saa. Si zaidi: ndimu ikizidi kumkaa, nyama huanza kuiva kwa ile chachu na hubomoka kwenye waya wa kuchomea.

Wakati huo nazi 2 kavu zinakunwa kwa mbuzi. Nazi hutikiswa kabla ya kuvunjwa. Isiyosikika maji ndani inatiliwa shaka, na ikivunjwa kokwa huonjwa, maana nazi moja iliyochacha huharibu sufuria nzima. Nazi iliyokunwa hutiwa kikombe 1 cha maji vuguvugu, hukamuliwa na kuchujwa, na hilo ndilo tui zito. Maji ya pili hutoa tui jepesi, linalowekwa kwa ajili ya wali.

Makaa yaachwe hadi yafunikwe na jivu jeupe. Waya upashwe moto na kupakwa mafuta kabla samaki hajalala, la sivyo ngozi itabaki kwenye waya. Upande wa ngozi huchomwa dakika 8 hadi 10, wa nyama kama 5. Hapo samaki hajamaliza kuiva, na ndivyo itakiwavyo.

Tui zito huwekwa motoni pamoja na thomu, pilipili mbichi 2, manjano nusu kijiko cha chai na chumvi, moto wa wastani, likikorogwa bila kuachwa hadi liwe zito la kupakika. Ukwaju, kipande cha ukubwa wa yai dogo kilicholowekwa na kuchujwa, huingia mwisho kabisa. Ukitiwa mapema, au moto ukiwa mkali, au mpishi akiondoka kumjibu mgeni anayeuliza "bado?", tui hukatika: mafuta huelea juu na chini hubaki chengachenga. Ladha haipotei yote, lakini halipaki tena, linateleza na kudondokea makaani.

Kisha samaki hurudishwa motoni, hupakwa, huachwa rojo likaukie, hupakwa tena. Mara tatu. Zile sehemu zilizoungua kidogo pembeni si uzembe, na wenyeji hugombea hizo kwanza.

Ukiletewa samaki wa kuchoma aliyemwagiwa mchuzi wa nazi juu, umeletewa chakula kizuri, ila si samaki wa kupaka.

Na wali wa nazi?

Kilo 1 ya mchele kwa nazi 2. Mchele huchemkia kwenye tui jepesi lenye chumvi, ukikaribia kukauka hutiwa tui zito, hufunikwa, na makaa hupaliwa juu ya kifuniko dakika 15 hadi 20 huku ya chini yakipunguzwa. Mchele mpya wa shamba unataka maji machache, na asiyejua hilo hupika bokoboko. Ukoko hauletwi mezani kwa wageni mpaka uuombe. Uombe.

Kiamshakinywa kina nini?

Nyumba nyingi hujumlisha kiamshakinywa kwenye bei ya chumba, na huandaliwa kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi: matunda, mayai, mkate au chapati, chai au kahawa. Hicho ndicho cha kawaida. Cha Kiswahili hasa ni mahamri na mbaazi za nazi, vitumbua, au mkate wa kumimina, na hivyo vinataka kusemwa jioni iliyotangulia. Mbaazi hulowekwa usiku kucha na unga wa mahamri unahitaji muda wa kuumuka. Mahamri yakija bapa, hayakufura, basi yalisukumwa membamba mno au mafuta hayakuwa yameshika moto. Mkate wa mofa haupikwi kila nyumba, hununuliwa kwa waokaji mtaani, na huisha mapema.

Embe ngowe hulimwa huku huku Lamu. Zikiwa kwenye msimu, kuanzia Novemba hivi hadi Machi, usipoteze nafasi ya tumbo kwa tikiti maji.

Sili nyama wala samaki. Nitakula nini?

Utakula vizuri: mbaazi, maharagwe ya nazi, kunde, mchicha wa nazi, biringanya, bamia, viazi karai, bajia. Mboga nyingi hutoka mashamba ya Mpeketoni na bara, huvuka kwa boti kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, na hukatika mvua ikiharibu barabara.

Angalizo: pilau na biriani huanzia kwenye supu ya nyama, hivyo kuondoa minofu juu hakusaidii. Kwa wasiokula mayai, maziwa wala samli, uliza kuhusu chapati na mahamri. Mengine hukandwa kwa tui tupu, mengine kwa samli au yai, inategemea mpishi.

Nina mzio. Niseme vipi ili nieleweke?

Usiseme "sipendi" wala "situmii", maana hiyo itachukuliwa kama chaguo na mpishi mkarimu atakutilia "kidogo tu". Sema: "Nikila kamba nazimia, hata mafuta yaliyokaangia kamba." Taja kitu chenyewe kwa jina: kamba, kaa, njugu, korosho, ufuta, mayai. Jiko ni moja na karai la mafuta mara nyingi ni moja, bajia na kamba vikipita humo humo. Omba chakula chako kikaangwe kwanza, kwa mafuta mapya. Dawa yako ya dharura ibebe mfukoni, usiiache chumbani ghorofa mbili chini.

Meza iko wapi?

Juu. Katika majumba ya kale ya Lamu meko yalikuwa juu ya nyumba, kwenye kidari cha meko, ili moshi na joto vipeperuke bila kusumbua vyumba. Nyumba nyingi zimeufuata mpango huo: jiko na baraza la kulia viko chini ya paa la makuti, penye upepo. Ngazi ni za mawe, nyembamba, zenye vipandio vya juu vilivyotofautiana vimo. Mwenye goti bovu aombe kuandaliwa chini kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba. Hakuna atakayekataa, ila chakula kitashuka kikiwa kimepoa kidogo.

Wakati wa kusi upepo huko juu huchukua vitambaa, mishumaa na hata sahani ya karatasi yenye wali. Nyumba zenye busara hushusha mapazia ya mkeka upande wa kusini. Usiyapandishe kwa ajili ya picha.

Tutakula kwa mkono? Tuvae nini?

Vijiko na uma vipo. Ukiagiza chakula cha sinia mtaandaliwa mkekani, mtavua viatu, mtaletewa maji ya kunawa, na kila mtu atakula upande ulio mbele yake kwa mkono wa kulia. Sinia moja hutosha watu 4 au 5. Mavazi yawe ya staha: mabega na magoti yafunikwe, hasa unapopita vichochoroni kwenda na kurudi. Nguo za kuogelea ziishie ufukweni Shela.

Pombe inapatikana?

Katika mji wa Lamu, karibu kila mahali, hapana. Baadhi ya hoteli za Shela na za kisiwa jirani cha Manda huuza. Wenye nyumba wengine huruhusu mgeni kunywa chake juu kwenye makuti, wengine hawataki iingie mlangoni. Uliza kabla ya kulipia chumba. Nyama ya nguruwe haipo.

Badala yake kuna juisi ya ndimu, ya ukwaju, ya pasheni, na madafu. Baada ya chakula omba kahawa tungu na kipande cha halwa. Kahawa hiyo huuzwa na wauza kahawa barabarani jioni, kwa vikombe vidogo, na wengi wetu tungeishusha pale barazani kuliko kuiletewa juu.

Maji ya bomba yanafaa kunywa?

Usiyanywe. Maji matamu ya kisiwa hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, lakini visima vingi vya mjini vina chumvi, na chai iliyopikwa kwa maji hayo utaitambua kwa funda la kwanza. Kunywa yaliyochemshwa au ya chupa. Nyumba nyingi zina mtungi mkubwa wa kujazia, basi njoo na chupa yako. Kuhusu barafu na juisi, uliza tu: "Haya ni maji ya mtungi?"

Nikija Ramadhani nitashinda na njaa?

Hapana. Mikahawa mingi ya mjini hufungwa mchana, lakini nyumba za wageni huwahudumia walio ndani. Kula na kunywa ndani, si barabarani wala kwenye boti. Elewa pia kwamba anayekupikia mchana amefunga, hawezi kuonja chumvi. Agiza chakula chepesi mchana, uweke njaa yako jioni.

Jua huzama kati ya saa 12 na dakika chache na saa 12 na dakika 40 hivi, kutegemea mwezi. Wakati wa adhana ya magharibi usiite mtu. Nusu saa baadaye ndiyo unapokula vizuri kuliko msimu mwingine wowote: tende, uji, sambusa, kaimati, mihogo na viazi vitamu vya nazi, tambi. Chakula kizito hufuata baada ya sala ya tarawehe, pengine saa 3 au 4 usiku.

Ijumaa na siku za Maulidi je?

Ijumaa jiko husimama kwa sala ya adhuhuri. Ama ule kabla ya saa 6 mchana, ama baada ya saa 8. Mara nyingi ni siku ya biriani. Maulidi ya Lamu, mwezi wa Rabiulawal wa kalenda ya Kiislamu, hujaza mji mzima: vyumba, samaki na nazi vyote hugombewa. Agiza siku mbili kabla.

Naweza kuleta samaki niliyemvua au kumnunua mwenyewe?

Nyumba nyingi hukubali na kutoza gharama ya kupika na viungo. Mfikishe kabla ya saa 10 alasiri, akiwa ametolewa matumbo na yuko kwenye barafu. Aliyezunguka na wewe juani kwenye jahazi tangu asubuhi, mpishi mwenye akili atamkataa, na ashukuriwe.

Nakaa Shela, nataka kula mjini usiku.

Ni kilomita 3 hivi, dakika 40 kwa miguu. Maji yakijaa, sehemu za njia ya pwani humezwa, kwa hiyo tazama saa za maji kabla, na beba tochi. Njia rahisi ni boti, ukipatana na nahodha bei ya kwenda *na* kurudi pamoja na saa ya kukufuata, na uchukue nambari yake ya simu. Bei ya usiku ni ya juu kuliko ya mchana.

Nalipa vipi?

M-Pesa au pesa taslimu. Kadi hukubaliwa na hoteli chache. Chakula huandikwa daftarini na kulipwa siku ya kuondoka. Pitia daftari kila siku mbili, si kwa kutoaminiana, ila hakuna anayekumbuka juisi ya Jumanne ikifika Jumapili. Bakhshishi ukitoa, itaje ni ya jikoni, maana anayekuletea sahani si yeye aliyekuna nazi.

Naondoka alfajiri. Naweza kupata chakula cha safari?

Unaweza. Mabasi ya Mombasa huondoka Mokowe mapema, na kabla ya hapo kuna boti ya kuvuka. Anayetumia ndege naye huvuka hadi Manda. Sema jana yake kabla ya saa 12 jioni ili unga ukandwe. Omba mahamri, mayai ya kuchemsha na ndizi. Epuka chochote chenye tui: kwenye joto la basi huchacha kabla hujafika Garsen. Njoo na kikapu au mfuko wa kitambaa, kwani mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, na karatasi ya gazeti hulowa mafuta ya mahamri hata gatini hujafika.